Maisha ya Daktari Robert Koch, Mtafutaji wa Vidudu

Mgonjwa afikapo hospitali siku hizi hutolewa tone la damu, au hupewa kikopo ateme makohozi, kisha huambiwa angoje. Ndani ya chumba kiitwacho maabara yuko mtu ainamaye juu ya hadubini, yaani chombo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho matupu, naye hutafuta kidudu kinachomtesa mgonjwa. Sisi tukaao Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, twawaona vijana wengi wakija kujifunza elimu ya viumbe na kemia katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyeweka msingi wa kazi hiyo. Tena mtu huyo alifika katika nchi yetu mara tatu, na mambo mengine aliyoyavumbua aliyaona katika njia ile ile ya misafara ipitayo Morogoro kwenda bara.

Utoto wake na masomo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, penye milima ya Harz, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya migodi, na watoto waliozaliwa nyumbani mwake walikuwa 13. Robert alisoma katika chuo cha Göttingen, akapata cheo cha udaktari mwaka wa 1866. Moyo wake ulitamani kusafiri nchi za mbali, lakini mwaka wa 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, naye akawa daktari wa watu wa vijiji. Mwaka wa 1872 alipewa kazi ya udaktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland.

Huko hakuwa na maabara, wala hakuwa na mwalimu wa kumwongoza. Alikuwa na wagonjwa wengi tu, na hadubini moja. Akatenga sehemu ya chumba alichopokelea wagonjwa kwa pazia, na nyuma ya pazia hilo akaanza kazi iliyobadili uganga wa dunia nzima.

Ugonjwa wa kimeta

Zamani zile wafugaji wa wilaya ile walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe wengi kwa ugonjwa wa kimeta, nao watu walioshika mizoga walikufa pia. Wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo sana katika damu ya mizoga. Lakini je, vijiti vile ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au vilikuja baada ya ugonjwa? Hakuna aliyeweza kujibu.

Koch akachukua kijiti cha mti alichokisafisha kwa moto, akakichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akakiingiza katika jeraha dogo mkiani mwa panya mzima. Panya akafa, na damu yake ikaonekana imejaa vijiti vile vile. Akachukua damu ya panya huyo akamtia wa pili, na ya wa pili akamtia wa tatu, akaendelea hivyo mara nyingi, na kila mara mambo yakawa yale yale. Kisha akaviotesha vijiti vile katika maji ya jicho la ng'ombe, mbali na mwili wa mnyama. Akaviona vikirefuka kama nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea mbegu ndogo. Mbegu hizo zaweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Ndipo ilipojulikana kwa nini malisho yaliyolazwa mzoga wa kimeta huua tena baada ya miaka kupita. Nasi hadi leo twakatazwa kupasua mzoga wa namna hiyo, kwa kuwa damu ikimwagika na kupata hewa, mbegu hufanyika.

Mwaka wa 1876 alikwenda Breslau, akamwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake yote kwa muda wa siku tatu. Wakuu wa chuo kile wakastaajabu kwamba daktari wa mji mdogo ametenda jambo lililowashinda wao.

Kifua kikuu

Mwaka wa 1880 serikali ilimwita Berlin, ikampa maabara na wasaidizi. Shida yake kubwa ilikuwa kutenga aina moja ya vidudu na aina nyingine, kwa maana katika maji vyote huchanganyika. Kwanza aliviotesha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa, baadaye juu ya jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwa joto. Dawa ya shida hiyo ilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake mmoja, alikuwa akigandisha vyakula kwa agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, naye akashauri kitumike. Maabara za dunia nzima zatumia agari mpaka leo.

Kisha Koch akashika kazi ya kifua kikuu. Siku zile ilihesabiwa kwamba katika kila watu 7 waliokufa, mmoja ameuawa na ugonjwa huo, na wengi waliudhani ni wa kurithi. Vidudu vyake ni vigumu kuonekana na huota polepole mno. Koch alivitia rangi ili vionekane, akaviotesha juu ya maji ya damu ya ng'ombe yaliyogandishwa. Juma la kwanza hakuonekana kitu. Mwingine angalitupa vyombo vile, lakini yeye alingoja, na katika juma la pili yakatokea madoa madogo. Akawatia simbilisi wazima vidudu hivyo, wakaugua kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882 aliwaeleza wataalamu wa Berlin habari hizo, na siku hiyo imekuwa Siku ya Kifua Kikuu duniani.

Kanuni yake twaweza kuieleza kwa maneno machache. Kidudu lazima kionekane kwa kila mgonjwa wa ugonjwa ule. Kitengwe na kuoteshwa peke yake. Kikitiwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule. Kisha kionekane tena katika mnyama huyo. Asiyetimiza hayo asiseme kwamba amejua. Mwaka wa 1883 Koch alikwenda Misri, kisha Bara Hindi, na mwaka wa 1884 akakionyesha kidudu cha kipindupindu.

Haraka iliyomletea aibu

Hata mwaka wa 1890 sifa zake zilikuwa zimeenea pote. Katika mkutano mkubwa wa madaktari huko Berlin alitangaza kwamba amepata kitu kizuiacho vidudu vya kifua kikuu. Dawa hiyo iliitwa tuberkulini, naye hakueleza imefanywa kwa nini. Wagonjwa wa nchi nyingi wakaja Berlin kwa maelfu. Wengi hawakupona, na wengine hali yao ilizidi kuwa mbaya, wakafa. Profesa Virchow alipozipasua maiti aliona kwamba dawa haikuua vidudu. Koch, aliyewafundisha wengine wasiseme neno kabla ya kuthibitisha, safari hii alisema kwanza. Ni kweli kwamba baadaye tuberkulini ilifaa kwa kupima nani ameingiwa na vidudu hivyo, watu na ng'ombe pia. Lakini waliokuja wakitumaini kupona hawakupata walichoahidiwa.

Mwaka wa 1893 ndoa yake na Emmy ilivunjika, akamwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa akiigiza michezo ya jukwaani. Tangu hapo alisafiri sana.

Safari zake katika nchi yetu

Mara ya kwanza alifika Dar es Salaam mwaka wa 1897, akitokea Afrika ya Kusini alikochunguza sotoka ya ng'ombe, na Bara Hindi alikochunguza tauni. Akiwa hapa aliletewa vitu vilivyotoka katika miili ya wagonjwa wa Kisiba, upande wa Bukoba, akathibitisha kwamba ugonjwa ule ni tauni. Lakini wenyeji wa Kisiba walikuwa wakiujua tangu zamani. Walipoona panya wamekufa nyumbani walizihama nyumba zao, kabla ya daktari yeyote kuwafundisha.

Katika milima ya Usambara alisikia jambo kama hilo. Wenyeji walimweleza kwamba wao hupata homa wakishuka nchi tambarare, wakaumwa na wadudu waitwao mbu, na homa yenyewe waliiita mbu vilevile. Miaka ile ile ya 1897 na 1898 Ronald Ross alikuwa akithibitisha katika Bara Hindi kwamba mbu ndiye achukuaye malaria. Sisi twaona hapa neno la kutafakari. Wazee wa mlimani hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu, nalo neno lao lilikuwa la kweli.

Mara ya pili alikuja mwaka wa 1905, mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilipoanza. Wasafiri wa njia itokayo Dar es Salaam kupita Morogoro kwenda bara walikuwa wakishikwa na homa kali iliyoondoka na kurudi. Koch akafukua udongo mkavu wa sakafu katika vibanda walivyolala wapagazi, akawakuta papasi. Papasi hujificha mchana katika vumbi na nyufa, na usiku hutoka kunyonya damu ya aliyelala. Akawapasua papasi hao, akaona ndani yao vidudu virefu vilivyopindika kama uzi wa parafujo. Akaona pia kwamba vidudu huingia katika mayai, hata papasi wachanga ambao hawajaonja damu ya mgonjwa waliwaambukiza nyani alipowajaribu. Kwa hiyo kibanda chaweza kuwa na hatari hata kama hakuna mgonjwa aliyelala humo karibuni. Shauri lake lilikuwa rahisi: msafiri asilale ndani ya vibanda vya zamani, bali apige hema mbali kidogo. Nasi twajua kwamba sakafu ya saruji humnyima papasi maficho.

Koch hakuwa wa kwanza peke yake katika jambo hilo. Ross mwingine na Milne walikwisha kuliona Uganda mwaka wa 1904. Dutton na Todd waliliona Kongo, na Dutton akafa kwa homa hiyo hiyo huko Kasongo mwezi wa Februari 1905. Kidudu chenyewe chaitwa kwa jina lake. Mwisho wa mwaka wa 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Visiwa vya Ssese

Mwaka wa 1906 alikuja mara ya tatu, kwa ajili ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Alikaa kwanza Amani katika Usambara, kisha akapita Mwanza, akaenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Malale ilikuwa imeua watu wengi mno katika nchi zile. Koch akawatibu wagonjwa zaidi ya elfu moja kwa dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna sumu ya aseniki. Kwanza vidudu vilitoweka katika damu, wagonjwa wakapata nguvu, naye akafurahi. Lakini vidudu vilirudi. Akaongeza kipimo cha dawa maradufu. Ndipo wagonjwa wakaanza kuona maumivu na kizunguzungu, na zaidi ya watu 20 wakawa vipofu, wala macho yao hayakufunguka tena. Akaacha kipimo kile kikubwa. Baadaye alishauri wagonjwa watengwe katika kambi, hata wale wasiotaka.

Majina ya vipofu wale hayakupata sifa yoyote duniani. Walikuja wenyewe kwa kuwa walikuwa wakifa, na aliyewapa dawa alikuwa na sifa kubwa. Wala hakuna aliyewaeleza sawasawa hatari ya dawa ile, wapate kuchagua. Neno hili hatuwezi kulipita upesi kwa heshima ya mtu mkuu. Kazi yake juu ya papasi imewaokoa wengi. Kazi yake Ssese iliwaumiza waliomwamini. Mtu ni yule yule, na hadubini ni ile ile.

Mwisho wake

Koch alirudi Ujerumani mwaka wa 1907, akafa kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yamewekwa katika taasisi yake mjini Berlin. Kazi ya malale iliendelezwa na msaidizi wake Kleine, ambaye mwaka wa 1909, karibu na Ziwa Viktoria, alionyesha jinsi vidudu vikuavyo ndani ya mbung'o kabla ya kumwambukiza mtu.

Wapenzi wasomaji, siku hizi katika Tanzania dawa mpya haijaribiwi juu ya watu mpaka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imetoa idhini. Naye mgonjwa hana budi kuelezwa faida na hatari kwa lugha aijuayo, na ana haki ya kukataa. Ninyi waalimu wa sharika, mara nyingi watu huwajia kuuliza, kabla hawajatia kidole chao cha gumba katika karatasi. Basi waambieni waulize: dawa hii imejaribiwa wapi? Yaweza kunidhuru namna gani? Nikikataa, je, nitatibiwa bado? Mtafiti mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Vilevile msiwazuie watu kupimwa makohozi na damu kwa hofu tu, kwa maana kifua kikuu kikijulikana mapema, dawa zake zipo nazo zaponya.

Nao vijana wa hapa Mazimbu, wakikaa mbele ya hadubini, na wangoje juma la pili, kama Koch alivyongoja.