James Chuma, Mwanafunzi wa Ng'ambo

Wengi wetu hapa Kyela tunalijua jina la Chuma kwa jambo moja tu: yeye na Susi waliichukua maiti ya Dk. Livingstone hadi pwani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alipata kuwa mwanafunzi ng'ambo, na kwamba alifika kwa miguu upande huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Tunaeleza habari zake kwa ajili ya wazazi wenye vijana wanaojiandaa kwenda kusoma mbali.

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850. Mwaka 1861 alikuwa mtoto katika msafara wa watumwa karibu na mto Shire, ndipo Livingstone na Askofu Mackenzie wa UMCA walipowafungua. Akalelewa na Misheni huko Magomero, na mapema sana akaona jinsi maradhi yanavyowapata wageni. Mtumbwi wa Askofu ulijaa maji, dawa zikapotea mtoni, na tarehe 31 Januari, 1862 Askofu akafa kwa homa. Wenzake kadhaa walimfuata.

Mwaka 1864 Livingstone alivuka Bahari ya Hindi kwa meli yake ndogo, akamwacha Chuma na mwenzake Wikatani shuleni Bombay, kwa wamisionari wa Kiskoti. Fikirini mtoto wa bara, hana baba wala mjomba wa kumwuguza, katika mji mkubwa ambamo kipindupindu, ndui na kifua kikuu viliua watu kila mwaka. Alisoma, akabatizwa mwaka 1865 kwa jina la James, kisha akarudi Afrika pamoja na Livingstone mwaka 1866.

Safari ile ilichukua miaka saba. Januari 1867 watoro waliondoka na sanduku la dawa, na tangu hapo Livingstone alizidi kudhoofika hata akafa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo. Njiani kwenda Bagamoyo wachukuzi wenyewe waliugua, hata msafara ukalazimika kusimama. Baadaye Chuma alifika Uingereza, akasaidia kutengeneza kitabu cha safari hizo, kisha akawa kiongozi wa misafara ya Askofu Steere kwenda bara.

Mwaka 1879 alikuja kwetu. Mkuu wa safari, Keith Johnston, alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho kabla hata ya kufika nusu ya njia. Aliyebaki ni Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 aliyetoka chuoni Edinburgh. Kwa maoni yetu, bila Chuma kijana yule asingeliona ziwa. Chuma ndiye aliyewajua wapagazi, njia na desturi za machifu. Walipita Uhehe, wakashuka kwenye nchi ya Konde mwezi wa Septemba, wakaendelea hadi Tanganyika. Mwaka 1880 walirudi pwani na wapagazi karibu wote wakiwa hai, jambo la ajabu kwa siku zile.

Lakini Chuma mwenyewe alikuwa na kifua kikuu. Ugonjwa huu huambukizwa kwa hewa ya anayekohoa, hasa katika vyumba vilivyojaa watu, nao huweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuamka. Ndiyo sababu kijana akikohoa wiki mbili, awe bwenini ng'ambo au amerudi nyumbani, apimwe makohozi. Siku hizi dawa za miezi sita humponya. Na tusisahau malaria yetu wenyewe. Aliyekaa miaka kadhaa katika nchi za baridi hupoteza kinga aliyokuwa nayo, na akija likizo Kyela huugua kama mgeni. Akirudi chuoni na homa, amwambie daktari wa huko kwamba ametoka ziwani, maana huenda daktari huyo asiifikirie malaria kabisa.

Mwezi wa Machi 1882 Robert Koch alitangaza huko Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Dawa ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Mwaka huo huo wa 1882 Chuma alikufa katika hospitali ya Misheni huko Unguja, akiwa na miaka kama 32. Susi alibaki Unguja, akabatizwa kwa jina la Daudi mwaka 1886, akafa mwaka 1891.