Louis Pasteur: mtu aliyetafuta mikrobe, hakutafuta mchawi

Safari hii tunawaeleza maisha ya Louis Pasteur. Kwetu hakufika, lakini shida yake tunaijua.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 kule Dole, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Mtoto akasoma mpaka akawa profesa wa kemia, na 1854 akaenda kufundisha Lille, mji wa viwanda.

Mwaka 1856 baba wa mwanafunzi wake mmoja, Bwana Bigo, akamuomba msaada. Kiwanda chake kilitoa alkoli kwa maji ya betiravu, kile kiazi chenye sukari. Mapipa mengine yalitoa vizuri, mengine yaligeuka makali na kuharibika, hasara tupu. Pasteur akaingia kiwandani, akachukua maji ya pipa zuri na ya pipa baya, akayatazama kwa mikroskopi. Katika zuri aliona chachu, viduara vizima. Katika baya aliona vijiti vidogo sana vyenye uhai. Ni bakteria: zilikula sukari na kuigeuza asidi, ile ile ya maziwa yaliyochacha. Kumbe pipa halikulogwa, liliingiliwa.

Baadaye alionyesha kwamba divai ikipashwa moto wa digrii 50 hadi 60 haiharibiki upesi. Wengine wakapeleka njia hiyo kwa maziwa, na jina lake likabaki pale.

Hakuwa na maisha mepesi. Alizika mabinti watatu, wawili sababu ya tifoidi. Mwaka 1868 upande wake wa kushoto ulipooza, lakini kazi hakuacha. Mwaka 1885 alimwokoa mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alikufa tarehe 28 Septemba 1895.

Siye wenye kurudi Masisi na Walikale tulianza upya na kidogo: bidoni la maziwa, pipa la kasiksi. Kikiharibika, maneno yanaanza: jirani ana jicho baya, wale waliobaki hawatutaki. Tumeona majirani wawili wakiacha kusalimiana sababu ya bidoni moja. Tulipolifungua, ndani ya mkono wake kulikuwa na maziwa makavu ya zamani.

Basi tuoshe bidoni kwa maji ya moto, mpaka ndani ya mkono. Tusichanganye maziwa ya jana na ya leo. Na kabla ya kumtazama jirani, tutazame kwanza ndani ya bidoni.