Madam C. J. Walker: Dobi aliyeiweka shukrani kwenye hesabu za biashara

Msikilizaji, katika makala haya tunamtazama mwanamke wa Marekani aliyeanza maisha na beseni la kufulia nguo, akaishia kuwa na kiwanda chake cha mafuta ya nywele. Alizaliwa akiitwa Sarah Breedlove, lakini dunia inamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Habari za utajiri wake zimesimuliwa sana. Sisi tutatazama zaidi jinsi alivyowakumbuka watu waliomshika mkono alipokuwa hana kitu, maana hilo linamhusu hata mwenye genge la nyanya, saluni ya chumba kimoja au kibanda cha kutuma na kupokea pesa.

Yatima wa shamba la pamba

Sarah alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa katika shamba la pamba la hapo hapo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka miwili tu kabla, kwa hiyo yeye alizaliwa huru. Lakini uhuru huo haukuja na mali. Alipofika umri wa miaka saba, baba na mama walikuwa wamekwisha kufariki. Akabaki mikononi mwa dada yake, Louvenia.

Aliolewa akiwa na miaka 14. Mwaka 1885 akajifungua binti, Lelia, na miaka miwili baadaye mume wake akafariki. Sarah akawa mjane wa miaka 20, ana mtoto mgongoni na hajui kusoma vizuri.

Wakati huo kaka zake walikuwa vinyozi katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Akawafuata huko, akaanza kufua nguo za watu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa maji ya moto, sabuni kali na mgongo ulioinama, kwa ujira wa kama dola moja na nusu kwa siku. Katika pesa hiyo hiyo alilipa kodi ya chumba, akala na mwanawe, na akamsomesha Lelia hadi chuo.

Waliompokea mjini

Mtu akifika mjini bila kitu, kwanza hutafuta mahali pa kupokelewa. Sarah alipokelewa katika kanisa la St. Paul la Wamethodisti weusi. Kina mama wa pale, wengine wenye elimu na nafasi nzuri kuliko yeye, hawakumwona kama dobi tu. Walimwonyesha namna ya kuishi mjini, na kwao alijifunza kwamba hata mwenye kidogo anaweza kumsaidia asiye na kitu.

Somo hilo lilimwingia mapema. Akiwa bado dobi, alisikia habari za mzee mmoja aliyekuwa akimlea mke mgonjwa na dada kipofu. Hakuwa akimfahamu mzee huyo, lakini alizunguka kwa rafiki zake akachangisha chakula na pesa, akampelekea. Hapo hakuwa na duka, wala kopo moja la mafuta ya kuuza.

Kutoka wakala hadi mwenye kampuni

Katika miaka ya 1890 nywele za Sarah zilianza kukatika. Lilikuwa tatizo la wanawake wengi wa wakati ule: nyumba nyingi hazikuwa na bomba, watu waliosha nywele mara chache, na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalienea. Sarah akawa wakala wa Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone, mwanamke mweusi aliyekuwa akitengeneza dawa za nywele na kuziuza nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, jimbo la Colorado, akiendelea na uwakala huku akifanya kazi ya upishi. Mwaka uliofuata aliolewa na Charles Joseph Walker, akachukua jina lake na kuanza kuuza mafuta yake mwenyewe. Alisafiri mji kwa mji, akiingia makanisani na majumbani kuwaonyesha wanawake jinsi ya kutunza nywele. Mwaka 1910 aliweka makao ya biashara Indianapolis, jimbo la Indiana, na kujenga kiwanda.

Kampuni yake iliwafundisha kazi maelfu ya wanawake weusi. Wengi wao wangebaki kuwa madobi au wapishi wa majumba ya watu. Sasa walikuwa mawakala, wakishika pesa yao wenyewe.

Shukrani yenye kiasi na tarehe

Mwaka 1911, kampuni ikiwa bado changa, alitoa dola 1,000 kusaidia ujenzi wa jengo la YMCA la vijana weusi wa Indianapolis. Watu walishangaa, maana mchango wa namna hiyo hawakuutarajia kutoka kwa mwanamke mweusi. Baadaye alisaidia wanafunzi wa chuo cha Tuskegee na shule nyingine za watu weusi.

Jambo la busara zaidi alilifanya mwaka 1917. Aliwakusanya mawakala wake zaidi ya 200 mjini Philadelphia, akatoa zawadi. Waliouza sana walipewa, kama ilivyo kawaida ya biashara. Lakini walipewa pia waliotoa msaada mkubwa katika jamii zao. Hivyo wakala alijua kwamba kurudisha kwa watu ni sehemu ya kazi yake na kunahesabiwa pamoja na mauzo. Na ilikuwa na faida: wateja wa mawakala hao ndio waliokuwa majirani zao. Mtaa ukiinuka, mnunuzi naye anapata uwezo.

Mwaka 1919, akiwa mgonjwa, aliahidi dola 5,000 kwa chama cha NAACP kupambana na mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu. Alifariki tarehe 25 Mei mwaka huo, akiwa na miaka 51. Wosia wake ulielekeza theluthi mbili za faida ya baadaye ya kampuni ziende kwenye misaada.

Deni moja lililobaki

Hata hivyo, kuna jina moja ambalo halikupata shukrani: Annie Malone. Huyu ndiye aliyempa Sarah mzigo wa kwanza wa kuuza. Baadaye Annie alilalamika kwamba ameigwa. Walker naye alisimulia kwamba dawa yake aliipata kwa njia ya ndoto. Ni kweli salfa na mafuta ya mgando vilikuwa vikitumika kwa nywele na ngozi kabla ya wote wawili, kwa hiyo si rahisi kusema mmoja alimwibia mwenzake. Lakini uwakala ule ulikuwa shule, na mwalimu hakutajwa. Wakabaki washindani hadi kifo.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Pengine Annie aliyaona mambo hivyo. Kumshukuru yatima au kanisa ni rahisi, kwa sababu hawauzi unachouza wewe. Kumshukuru aliyekufundisha kazi, ambaye sasa kibanda chake kinatazamana na chako, ni kazi nyingine kabisa. Mama Walker aliyeweza mengi, hilo halikumwezekania.

Msikilizaji, ukifunga hesabu za mwezi huu, baada ya kutoa gharama za mzigo na nauli, fikiria majina matatu: aliyekukopesha mtaji, mteja aliyekuja siku ambayo hakuna mwingine aliyekuja, na aliyekufundisha kazi. Kila mmoja mpangie kitu unachokiweza, hata kiwe kidogo, na siku ya kukipeleka. Na ikiwa huyo wa tatu leo ni mshindani wako, je, utakwenda kumsalimu?