Thomas Midgley: Mhandisi aliyetia risasi ndani ya petroli

Malori ya mafuta yanayovuka mpaka wa Kenya na Uganda kupitia Busia na Malaba hubeba petroli iliyoshushwa bandarini Mombasa. Sehemu ya shehena hiyo huishia wilayani Tororo, hadi maeneo kama Mukuju, ambako pikipiki ya bodaboda na gari la kasi lililoagizwa kutoka Japani hutegemea mafuta yaleyale. Mwenye gari la kasi hujiuliza mambo mawili: oili ipi inaifaa injini yake, na je, anunue kichupa cha dawa ya kuongeza nguvu ya petroli? Swali hilo la pili lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na katika historia yake hakuna jina linalotajwa zaidi ya la Mmarekani Thomas Midgley.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake alikuwa mvumbuzi katika shughuli za matairi ya magari. Mwaka 1911 kijana huyo alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kemia, fani iliyompa umaarufu, alijifunza zaidi akiwa kazini.

Injini iliyogonga

Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton chini ya Charles Kettering, mvumbuzi wa mtambo wa umeme wa kuwashia gari. Alikabidhiwa tatizo lililowasumbua wahandisi wote wa wakati huo: injini kugonga.

Ndani ya silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa hugandamizwa na pistoni, kisha huwashwa na cheche ya plagi. Kadiri unavyogandamizwa zaidi, ndivyo injini inavyotoa nguvu nyingi kwa mafuta yaleyale. Lakini petroli dhaifu haivumilii mgandamizo huo. Sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Dereva husikia mgongo wa chuma, injini hupata joto kupita kiasi, na mwishowe vyuma huharibika. Oili nzuri hulainisha vyuma na kupunguza joto, lakini haiwezi kutibu petroli isiyofaa.

Wavumbuzi hao wawili walidhani kwamba mafuta yakitiwa rangi nyekundu yangenyonya joto mapema na kuacha kugonga. Midgley alitafuta rangi, akakosa, akatumia madini ya aidini yaliyokuwa karibu. Injini ikatulia. Alipojaribu rangi nyingine nyekundu, injini iligonga kama awali. Dhana ya rangi ilikuwa kosa, lakini kosa hilo lilionyesha njia: ipo kemikali inayoweza kuzuia mgongo.

Kwa miaka kadhaa alijaribu kemikali moja baada ya nyingine. Aidini ilikuwa ghali na ilikula vyuma. Teluriamu ilifaa, ila ilitoa harufu kama ya kitunguu saumu iliyowaganda watafiti mwilini. Hatimaye, tarehe 9 Desemba 1921, alijaribu mchanganyiko wa madini ya risasi uitwao tetraethili. Sehemu moja tu kwa zaidi ya sehemu elfu moja za petroli ilitosha kunyamazisha injini.

Mafuta hayo yalianza kuuzwa mjini Dayton mwezi Februari 1923 kwa jina la Ethyl, jina ambalo halikutaja risasi. Mwezi Mei mwaka huohuo, magari matatu ya kwanza kumaliza mashindano ya Indianapolis yalikuwa yametumia petroli hiyo. Tangu hapo, waunda magari waliweza kujenga injini zenye mgandamizo mkubwa na kasi zaidi.

Sumu iliyojulikana

Madhara ya risasi hayakuwa siri. Madaktari walijua kwa karne nyingi kwamba inadhuru neva, damu na ubongo. Ilijulikana pia kwamba kilevi cha ethanoli, kinachopatikana kwa kuchachusha nafaka au miwa, huzuia mgongo wa injini. Lakini ethanoli ilihitajika kwa wingi, na yeyote angeweza kuitengeneza. Tetraethili ilitumika kidogo mno na ililindwa na hataza. Mwaka 1924 kampuni za General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja ya kuiuza.

Midgley mwenyewe alikwisha kuonja athari zake. Mwanzoni mwa 1923 alilazimika kupumzika kazi na kwenda Florida ili mapafu yake yapate hewa safi. Hata hivyo aliendelea kuitetea kemikali hiyo.

Mwezi Oktoba 1924, wafanyakazi wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walianza kuona maruerue na kupandwa na wazimu. Watano walifariki na wengine wengi wakalazwa. Tarehe 30 mwezi huo Midgley aliwaita waandishi wa habari, akaosha mikono yake kwa tetraethili na kuinusa kwa takriban dakika moja, ili kuwaaminisha kwamba haina hatari.

Mwaka uliofuata mauzo yalisimamishwa huku serikali ikiitisha mkutano wa wataalamu. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya kwamba risasi itakayotoka katika mabomba ya moshi itawafikia watu wote. Kamati iliyoundwa haikuona sababu ya kupiga marufuku, na mwaka 1926 mauzo yakarejea, kisha mafuta hayo yakaenea duniani.

Uvumbuzi wa pili na mauti

Karibu mwaka 1930 Midgley aliongoza utengenezaji wa gesi mpya ya mafriji, isiyoshika moto wala kumdhuru anayeivuta. Miongo kadhaa baadaye iligunduliwa kwamba gesi za jamii hiyo hutoboa tabaka la ozoni linaloikinga dunia dhidi ya miale ya jua.

Yeye hakuishi kuyaona hayo. Alitunukiwa nishani kubwa za kemia, na mwaka 1944 alikuwa rais wa Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Lakini mwaka 1940 alikuwa ameugua polio na kupooza miguu. Akiwa mvumbuzi hadi mwisho, alijitengenezea mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, kamba za mtambo huo zikiwa zimemkaba. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Kutoka Ohio hadi Nairobi

Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kwamba viwanda na magari vimeijaza dunia risasi kuliko hali yake ya asili. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba watoto ndio wanaoumia zaidi, kwani hata kiasi kidogo hupunguza uwezo wao wa kujifunza. Marekani ilikamilisha marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996.

Afrika ilichelewa. Mwezi Juni 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeacha, Kenya na Uganda zikiwemo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, ndilo lililotangaza mwisho huo, likikadiria kwamba hatua hiyo inaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Leo petroli inayofika Tororo huzuia mgongo bila risasi. Mwenye gari la kasi hupata jibu lake katika kitabu cha gari, penye kiwango cha okteni ambacho injini inahitaji na daraja la oili, kwa mfano 5W-30. Kwa kawaida, kulipia okteni zaidi ya hiyo hakuongezi kitu. Na kabla ya kumimina kichupa chochote ndani ya tangi, ni haki yake kuuliza kina nini ndani. Wanunuzi wa Ethyl hawakuelezwa hilo na jina lililoandikwa kwenye pampu.