Bwana Afya Aliyemzaa Bwana Msa

Nataka kuwaelezeni kwa ufupi maisha ya marehemu Bwana Muhammed Said Abdulla, mtungaji wa hadithi za Bwana Msa, kwani naona yanatufaa sana sisi wanafunzi wa Pemba tupendao kutunga.

Bwana Muhammed alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, Unguja. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa bwana afya. Kazi hiyo ni kupita nyumba kwa nyumba, kutazama visima, vyoo na majaa, na kuuliza watu maswali mpaka ijulikane maradhi yametoka wapi. Mwaka 1948 aliingia kazi ya magazeti, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la Mkulima.

Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya utungaji ya Afrika ya Mashariki ya 1957-58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Humo mtu anakutwa amekufa mzimuni. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali kwamba mzimu umemla. Anatazama, anauliza, anapima, mpaka inadhihirika kuwa ni kazi ya binadamu.

Watu husema Bwana Msa ameigwa kwa Sherlock Holmes. Ni kweli, amefuata nyayo zake. Lakini Conan Doyle, aliyemtunga Holmes, alikuwa daktari, na alimtoa Holmes kwa mwalimu wake, Joseph Bell, hodari wa kumtambua mgonjwa kwa kumtazama tu. Mimi naona wote wawili walichota kisima kimoja, yaani kazi ya afya, ambayo hulifunza jicho lisipuuze jambo dogo. Mwenzake aliandika Uingereza. Bwana Muhammed aliandika kwao. Hata jina la Giningi, litajwalo katika hadithi za wachawi, alilitia katika kitabu chake cha 1968, Kisima cha Giningi.

Alifariki mwaka 1991, lakini somo lake lipo. Wengi wetu hudhani hadithi nzuri hutoka mbali. Sivyo. Hapa kwetu mtu akifa ghafla, baadhi husema karogwa, na mara bibi kizee fulani hutiwa kidole. Tujifunze kuuliza kama Bwana Msa, wenzangu. Tutapata hadithi ya kuandika, na pengine tutamwokoa asiye na kosa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu