Ernest Millar na Stempu za Simbi

Ndugu msomaji, stempu ni kipande kidogo cha karatasi. Hubandikwa juu ya barua ili kuonyesha kwamba gharama ya kuipeleka imekwisha lipwa. Je, wajua kwamba stempu za kwanza za jirani zetu wa Uganda zilitengenezwa na mtu mmoja, nyumbani kwake? Mtu huyo aliitwa Ernest Millar.

Millar alikuwa Mwingereza, mchungaji wa chama cha wamisionari cha CMS. Alikaa Mengo, mahali palipokuwa makao ya Kabaka wa Buganda. Chama hicho kilikuwa na kituo pia huku kwetu Usukuma, huko Nasa, kando ya Ziwa Viktoria. Wakati huo reli ilikuwa haijafika ziwani. Barua zilipelekwa na watu waliokwenda kwa miguu na kwa mitumbwi.

Mwezi wa Machi 1895 serikali ya Waingereza huko Uganda iliamua kuanzisha posta. Afisa aliyeshughulikia jambo hilo aliitwa George Wilson. Shida ilikuwa moja: stempu hazikuwapo, na kuziagiza Uingereza kungechukua miezi mingi. Millar alikuwa na mashine ya taipu. Wilson akamwomba asaidie, naye akakubali.

Millar alichukua karatasi nyembamba akazipiga taipu. Hakuweka picha ya malkia wala ya mnyama. Juu aliandika herufi U na G, yaani Uganda. Chini yake aliandika namba. Namba hiyo ilikuwa bei ya stempu, nayo ilihesabiwa kwa simbi. Simbi ni kauri za baharini ambazo watu walizitumia kama fedha. Simbi 200 zilikuwa sawa na rupia moja. Stempu ya bei ndogo ilikuwa ya simbi 5, na ya bei kubwa simbi 60. Stempu za bei fulani zilipokwisha, Millar alichukua za bei nyingine, akafuta namba kwa kalamu na kuandika mpya.

Stempu zake za kwanza zilikuwa na upana wa milimita 20 hadi 26. Mwezi uliofuata alizifanya nyembamba, milimita 16 hadi 18. Hivyo karatasi moja ilitoa stempu nyingi zaidi. Mwezi wa Mei herufi nazo zikawa nyembamba. Mwezi wa Novemba wino ukawa wa zambarau badala ya mweusi. Mwaka 1896 mtambo wa kupiga chapa wa wamisionari, huko Usoga, ulichukua kazi hiyo. Mwaka 1898 zikaja stempu kutoka Uingereza zenye picha ya Malkia Victoria.

Stempu hizo za mwaka 1898 zilikuwa na meno pembeni. Meno hutokana na vitundu vinavyotobolewa kati ya stempu na stempu, ili zichanwe bila mkasi. Watu wanaokusanya stempu za zamani huhesabu vitundu hivyo. Huweka rula ukingoni na kuhesabu vitundu vilivyomo katika sentimita 2. Stempu za Malkia Victoria za Uganda zina vitundu 14. Mara nyingine picha huwa ni ileile, lakini vitundu si sawa. Ndivyo zilivyo baadhi ya stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizoanza kutolewa mwaka 1938. Kwa vitundu, mtu hujua ipi ilitangulia na ipi ni adimu.

Stempu za Millar hazina meno. Kwa hiyo hupimwa upana wake. Kupima huko ni muhimu sana, maana stempu hizo ni chache na bei yake ni kubwa. Mdanganyifu mwenye taipu anaweza kujaribu kuziiga. Lakini upana, umbo la herufi, wino na karatasi vyote lazima vikubaliane. Kimoja kikipingana na vingine, stempu ina mashaka.

Millar hakukumbukwa kwa stempu tu. Mwaka 1902 alifuatana na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, pamoja na Ham Mukasa, kwenda Uingereza. Walikwenda kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Millar alikuwa mkalimani wao. Ham Mukasa aliandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiganda, na Millar akakifasiri kwa Kiingereza. Kilitolewa mwaka 1904.

Ndugu msomaji, huenda katika sanduku la babu yako mna barua za zamani. Usizichome. Usibandue stempu, wala usikate meno yake, kwa sababu meno yakikatwa hayahesabiki tena. Usimuuzie mtu wa kwanza anayepita. Chukua rula, pima, hesabu, andika ulichokiona, kisha umwulize mtu anayejua. Anayejua kusoma na kupima si rahisi kupunjwa.

Maswali

1. Kwa nini Millar alitengeneza stempu kwa taipu?
2. Vitundu vya stempu huhesabiwaje?
3. Katika kikundi chenu, tafuteni stempu yenye meno. Ina vitundu vingapi katika sentimita 2?