Allan Cormack, mwana wa Johannesburg aliyeifungulia skaneri njia

Mzazi wa Makomeno, hapa Lubumbashi, akiambiwa na muganga kwamba mtoto wake apitishwe kwenye skaneri, anaogopa kwanza bei, kisha mionzi. Hofu hiyo ya pili si ya bure: mwili wa mtoto ungali unakua, na mionzi inaweza kuudhuru kuliko wa mtu mzima. Mashini hiyo ilianza kuwaziwa hapa hapa Afrika.

Allan Cormack alizaliwa Johannesburg tarehe 23 Februari 1924. Alisoma fizikia Cape Town, akaenda Cambridge, akarudi kufundisha bila kupata udaktari. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilikosa mtu wa fizikia, na sheria ilidai awepo mmoja wa kusimamia vitu vyenye mionzi. Cormack akawa anakwenda siku moja na nusu kwa juma. Huko aliona waganga wakipanga mionzi ya kutibu kansa kana kwamba mfupa, nyama na mapafu ni kitu kimoja.

Mwaka 1957 alipitisha mionzi ya kobalti-60 (kobalti, Katanga haina haja ya kufundishwa) katika kisahani cha alumini kilichozungukwa na mbao. Upande wa pili aliweka kihesabio cha Geiger. Hesabu zikaonyesha tofauti katikati ya alumini, mahali ambapo haikutarajiwa. Alipouliza karakana, kumbe fundi alitia pale kipande cha alumini safi zaidi. Hesabu zilikuwa zimeona kisichoonekana kwa macho.

Alihamia Marekani, akachapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Kati ya wachache walioomba nakala ni kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kumjua, alitengeneza mashini iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kwa miaka mingi vipokezi vya skaneri vilijumlisha mionzi yote pamoja. Vile vipya, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2021, vina fuwele za kadmiamu na teluri: vinahesabu kila chembe ya mionzi na kupima nguvu yake. Kwa hiyo mtoto anaweza kupata picha safi kwa mionzi michache. Kuhesabu moja moja: ndivyo kilivyofanya kile kihesabio cha Cape Town.

Cormack alifariki Massachusetts tarehe 7 Mei 1998. Afrika Kusini ilimpa nishani ya Mapungubwe mwaka 2002, akiwa kaburini.